Tusiishie kwenye kufungiwa, tuongelee na wanaolipa bili

Agosti 2021 gazeti la Uhuru lilitoka na stori ukurasa wa mbele kwamba Rais Samia hana wazo la kugombea urais 2025. Uhuru bana, gazeti la CCM, sio MwanaHALISI wala Tanzania Daima. Chama kikalisimamisha gazeti lake chenyewe kwa siku saba, mabosi wake wakasimamishwa kazi, na watu hawajamaliza kucheka Idara ya Habari Maelezo, ile ya serikali inayotoa leseni za magazeti, nayo ikashusha ya kwake, leseni imesitishwa siku 14. Yani mtoto kachapwa na baba, afu kafika shule mwalimu naye kamchapa kwa kosa lilelile.

Watu walilichukulia kama kichekesho na kweli lilikuwa kichekesho, ila mi huwa nalikumbuka kwa sababu ya mpangilio wake. Mwenye gazeti alifika kwanza, serikali ikaja baadaye. Na hapa Bongo tukiongelea uhuru wa habari huyo anayefika kwanza huwa tunamruka kabisa, kichwani mtu anamuona waziri, anaiona TCRA, mamlaka inayosimamia redio na tivii, anaiona ile barua yenye nembo ya taifa inayosambaa WhatsApp saa mbili usiku. Hao wapo na wamefanya makubwa, nitafika huko. Lakini aliyewahi kukaa chumba cha habari hata kwa kubangaiza anajua stori nyingi hazijawahi kumfikia waziri akazifungia, zinaishia humohumo ndani, na anayezimaliza mara nyingi ni mtu mstaarabu tu, ana miwani, anakuita mdogo wangu.

Sasa hebu nianze na swali la kijinga. Mtu anafungua gazeti ili iweje?

Maana hela ya kuuza nakala haipo. Nenda stendi yoyote asubuhi uangalie meza ya magazeti, watu kumi na kitu wamejipanga wameinamisha shingo wanasoma vichwa vya habari, wanabishana kuhusu Simba na Yanga, wanabishana kuhusu tumbuatumbua, wakimaliza wanapanda daladala wanaondoka. Anayetoa buku akaondoka na gazeti ni mmoja mmoja, tena saa nyingine ni dereva wa bosi katumwa. Wengine wote washasomewa redioni, maana kila kituo asubuhi kina mtu wa kuperuzi magazeti, anakusomea kichwa na aya mbili tatu, unanyoosha shati huku unajua kila kitu. Kwaiyo gazeti linaishi kwa matangazo. Na matangazo makubwa hapa kwetu yanatoka wapi? Serikali na taasisi zake, kuanzia tenda, ajira, minada, rambirambi mpaka zile kurasa nzima za rangi ambapo shirika la umma linampongeza Rais kwa kutimiza mwaka kadhaa madarakani, bodi, menejimenti na wafanyakazi wote, picha kubwa katikati. Baada ya serikali zinakuja kampuni za simu, mabenki, bia na siku hizi kampuni za kubeti. Na hao nao ukiwaangalia vizuri wote wanaishi kwa leseni, kampuni ya simu iko chini ya TCRA, benki iko chini ya Benki Kuu, BoT, kampuni ya kubeti ina bodi yake ya michezo ya kubahatisha. Hakuna hata mmoja kati yao anayetaka tangazo lake likae pembeni ya stori iliyomkasirisha mkubwa.

Ndo maana nasema hesabu ya gazeti au kituo cha redio hapa kwetu haifungi kama biashara ya habari peke yake. Inafunga ukiichukulia kama ulinzi. Mwenye viwanda, mwenye mahoteli, mwenye ubunge, anajua akiwa na redio watu watamsalimia vizuri, afisa atafikiria mara mbili kabla ya kumsumbua, na siku akipata mgogoro na mwenzake ana pa kuongelea. Sisemi wote walianza na nia hiyo. Nasema ukifika mwaka wa tano kituo kinakula hela badala ya kuleta, hiyo ndo sababu inayobaki ya kukiweka.

Tulikotoka unapajua. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 90 ilikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, Daily News, Uhuru na Mzalendo, basi. Ulipoingia mfumo wa vyama vingi mwaka 1992 milango ikafunguka na waliokuwa na hela wakaingia. Reginald Mengi na IPP yake, ITV na Radio One zikaanza 1994, Nipashe na The Guardian juu yake. Kule Mwanza Anthony Diallo akaja na Radio Free Africa na Star TV, na Diallo huyohuyo akawa mbunge wa CCM na waziri. Tanzania Daima ikatoka kwenye kampuni ya familia ya Freeman Mbowe, ambaye alikuja kuongoza Chadema kwa miaka zaidi ya ishirini. Mwananchi likanunuliwa na Nation ya Nairobi, ambayo nayo mwenye hisa nyingi alikuwa mfuko wa Aga Khan. Ukipanga hayo majina mezani utaona kwamba kila mmoja ana jambo lingine kubwa nje ya gazeti, liwe soda na maji, uwaziri, chama cha upinzani au mahospitali na mashule. Simlaumu mtu hapo, ndo hali yenyewe ilivyo.

Kuna kipindi tuliona waziwazi silaha inavyotumika. Aprili 2009 Mengi aliita waandishi akataja wafanyabiashara watano aliowaita mafisadi papa, na ITV ikairusha na kuirudia. Mmoja wa waliotajwa ni Rostam Aziz, wakati huo mbunge wa Igunga, na yeye hakukaa kimya, akajibu kwamba papa nini bwana, Mengi mwenyewe ni fisadi nyangumi. Magazeti ya New Habari, Mtanzania na Rai, yaliyokuwa yanahusishwa na Rostam, yakawa na lao, ya IPP yakawa na lao. Waziri wa habari wa wakati ule, George Mkuchika, akamkemea Mengi kwa kutumia chombo chake kushambulia watu. Nani alikuwa na haki sio hoja yangu leo. Hoja ni kwamba kwa wiki kadhaa nchi nzima tulikuwa tunasoma ugomvi wa matajiri wawili tukidhani tunasoma habari za ufisadi. Ungetaka kujua ukweli wa upande wa A ununue gazeti la B, na wa B ununue la A, na mwananchi wa kawaida mwenye hela ya gazeti moja alikuwa anapata nusu tu.

Na kabla ya hapo kuna ile ya 2005 ambayo mi naona ndo mbaya zaidi na inaongelewa kidogo sana. CCM inatafuta mrithi wa Mkapa. Dk. Salim Ahmed Salim, mtu aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, kaongoza OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kama Katibu Mkuu kuanzia 1989 mpaka 2001, anaandamwa magazetini kwamba alikuwa Hizbu, kile chama cha Zanzibar kilichopinduliwa 1964, na hata kwamba ana mkono kwenye kifo cha Mzee Karume 1972. Wakati Karume anauawa huyu mzee alikuwa New York ni balozi wetu Umoja wa Mataifa! Mtu yeyote mwenye kitabu cha historia angeweza kuliangalia hilo kwa dakika tano. Lakini stori zilitoka, zikasomwa redioni asubuhi, wajumbe wa chama wakazisikia wakiwa wanapiga mswaki, na kwenye mkutano mkuu Kikwete akashinda, Salim akawa wa pili. Sisemi angeshinda bila zile stori, wanamtandao, kundi la Kikwete ndani ya chama, walikuwa wamejipanga miaka kumi. Nasema tu kuna watu waliuza kurasa zao kwenye jambo zito kama kumchagua rais wa nchi, na mpaka leo sijaona gazeti lililoandika, samahani, tulikosea.

Sasa niseme kidogo ya kwangu. Niliwahi kuwa korespondenti mkoani, gazeti lenyewe nisilitaje. Korespondenti maana yake huna mkataba, huna bima, una kitambulisho ambacho hata walinzi wa halmashauri wanakitilia shaka, na unalipwa kwa stori iliyotoka. Stori isiyotoka ni nauli yako imekwenda na maji. Na iliyotoka nayo malipo yake yalikuwa hayafiki nauli ya kwenda kuifuata, ukiwa na bahati yanakuja mwisho wa mwezi unaofuata. Ndo hapo bahasha inaingia. Unaitwa semina ya wadau, unakaa, mgeni rasmi anafungua, anafunga, afu afisa habari anapita na fomu ya nauli mnasaini mmoja mmoja na kila mtu anaweka bahasha yake mfukoni bila kuifungua, ni adabu hiyo, utaifungulia chooni. Ile bahasha ilikuwa inazidi malipo ya stori nne tano. Sasa niambie, bosi wangu alikuwa nani hapo? Mhariri aliyeko Dar ambaye hajawahi kuniona sura, au afisa habari anayejua mpaka jina la mwanangu?

Kuna stori moja ya mradi wa maji. Kijiji kimejengewa tangi, limepakwa rangi ya bluu inang'aa mpaka unaliona barabarani, uzinduzi umefanyika, mwenge umepita. Nikaenda. Kituo cha kuchotea maji kina mabomba manne, yote makavu, na moja lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili koki isiibiwe. Kina mama wanachota mtoni palepale walipokuwa wanachota zamani. Nikapiga picha, nikaongea na mwenyekiti wa kijiji, nikamtafuta mkurugenzi wa halmashauri mpaka akajibu meseji, nikaandika vizuri kabisa nikatuma. Siku mbili kimya. Nikampigia mhariri.

"Mdogo wangu, stori nzuri sana. Ila hiyo ipumzishe kwanza."

"Mpaka lini kaka?"

"Wale jamaa wana kurasa nne Jumatatu. Tumehangaika nao tangu mwezi wa tatu. Wewe ipumzishe tu."

Jumatatu toleo maalum likatoka, mafanikio ya halmashauri, kurasa nne za rangi. Ukurasa wa pili kuna picha ya mkurugenzi anacheka, nyuma yake ni lile tangi la bluu. Maelezo chini ya picha yanasema wananchi zaidi ya elfu ngapi sijui wananufaika na maji safi na salama. Stori yangu ikapigwa chini moja kwa moja, na nilichojifunza sikuhitaji kuambiwa mara ya pili, baada ya hapo nilikuwa nikiona kitu cha halmashauri naangalia kwanza kama kuna toleo maalum linakuja. Yule mhariri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mishahara ya watu ya kulipa na mteja mkubwa mmoja mkoani, na mteja mwenyewe ndo huyohuyo aliyetakiwa kuandikwa.

Hakuna waziri aliyehusika hapo. Hakuna sheria iliyotumika. Ukienda kwenye ripoti za uhuru wa habari hiyo stori haipo kwenye hesabu, kwa sababu haikuwahi kutoka ili ifungiwe.

Turudi juu sasa. Machi 2017, usiku wa Ijumaa, aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Dar, Paul Makonda, anaingia Clouds na walinzi wenye bunduki, kisa kipande kinachomhusu Askofu Gwajima ambacho kituo kilikuwa hakijakirusha. Picha za kamera za ulinzi zikavuja, wote tuliziona. Nape Nnauye, waziri wa habari, akaenda pale Clouds, akaunda kamati, ripoti ikasomwa, na tarehe 23 Machi Nape akaondolewa uwaziri. Siku hiyohiyo akataka kuongea na waandishi, mtu akamchomolea bastola hadharani. Jukwaa la Wahariri likatangaza kutoandika habari za Makonda. Hayo yote unayakumbuka, ila kuna kipande kimoja watu wanakisahau. Kesho yake Magufuli anamuapisha Mwakyembe kuchukua nafasi ya Nape, na pale Ikulu akatoa onyo, na onyo lenyewe hakuwaelekezea waandishi. Aliwaambia wenye vyombo vya habari. Kwamba wawe makini, na kama wanadhani wana uhuru, sio uhuru wa kiwango hicho.

Yule mzee alijua mlango uko wapi. Mwandishi wa kujitegemea utamtisha na nini, hana kitu. Mmiliki ana leseni, ana TRA, ana kiwanja, ana kontena bandarini. Septemba 2016, miezi michache kabla, Shirika la Nyumba la Taifa lilikuwa limetoa vitu vya Mbowe nje kwenye lile jengo la Bilicanas katikati ya mji kwa madai ya deni la pango la zaidi ya shilingi bilioni 1, na ndani ya jengo hilohilo ndo ilikuwa ofisi ya Tanzania Daima. Meza za wahariri nje, kompyuta nje. Shirika likasema ni deni tu la pango, Mbowe akasema ni siasa. Iwe vyovyote, kila mwenye gazeti aliyepita pale akaona makabati barabarani alielewa somo bila kuandikiwa barua. Gazeti lenyewe lilikuja kunyang'anywa leseni Juni 2020, likarudishiwa Februari 2022 pamoja na MwanaHALISI, Mawio na Mseto, na gazeti lililokaa kifungoni muda wote huo haliwezi kurudi vilevile, wasomaji wameshahamia kwenye simu na waandishi wamehamia kwenye uafisa habari.

Ila kwenye kumbukumbu yangu mwanzo wa yote ni Januari 2016, Bunge laivu. Nape huyuhuyu, kabla hajawa shujaa, alisimama Dodoma akasema TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vya Bunge moja kwa moja, gharama ni shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Tukaletewa kipande kilichorekodiwa, usiku. Sababu ilikuwa hela, tena! Mtu akikwambia bilioni 4.2 unashtuka, lakini ligawanye kwa watu milioni hamsini na kitu tuliokuwepo uone, haifiki shilingi mia kwa kichwa kwa mwaka mzima. Na kilichoshangaza ni jinsi ilivyokuwa rahisi, maana hata vituo binafsi havikuachiwa kupeleka kamera zake vikarusha kwa gharama zake. Wapinzani walipiga kelele mpaka polisi wakaingia bungeni. Baada ya wiki chache tukazoea.

Afu kuna zile faini za Januari 2018. TCRA iliwapiga ITV, EATV na Channel Ten milioni 15 kila mmoja, Star TV na Azam Two milioni 7.5 kila mmoja, jumla milioni 60, kwa sababu walirusha habari ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kutoa tamko kuhusu uchaguzi mdogo wa madiwani wa Novemba 2017. Kituo cha sheria kimeita waandishi, waandishi wamekwenda, wameripoti. Faini. Na ukiangalia kiasi chenyewe utaona sio hela ya kuua kampuni kubwa kama hizo. Ni hela ya kumfanya mkurugenzi wa fedha aanze kuja kwenye kikao cha wahariri.

Yule aliyeingia na bunduki Clouds, kwa kumbukumbu tu, Novemba 2025 aliteuliwa naibu waziri wa wizara hiyohiyo ya habari. Sina la kuongeza hapo.

Sasa wapo watakaosema magazeti yashakufa, siku hizi mwenye nguvu ni redio za burudani na tivii za mpira. Nakubali nusu. Azam 2021 walisaini na TFF, shirikisho la mpira, mkataba wa haki za matangazo ya ligi wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10, ule ndo uzito halisi kwenye tasnia kwa sasa, hakuna gazeti linaota hela ya namna hiyo. Clouds, Wasafi, EFM, hao ndo wanaojua vijana wanaamka saa ngapi. Lakini ukiwa umewekeza hela hizo zote kwenye mpira na muziki una sababu gani ya kuhatarisha leseni kwa habari ya dakika tatu? Agosti 2020 Clouds walifungiwa siku saba kwa kutangaza wagombea waliopita bila kupingwa kabla ya takwimu rasmi za Tume, siku saba bila matangazo kwa kituo cha biashara ni pigo, na baada ya hapo nani atajitosa kutangaza matokeo ya kituo cha kupigia kura? Kwaiyo burudani inakuwa nyingi na habari inakuwa ziara. Waziri katembelea, mkuu wa mkoa kaagiza, mama anaupiga mwingi, sasa tuelekee kwenye michezo. Wasanii walewale wanaopigwa redioni ndo wanapanda majukwaa ya kampeni, na watangazaji walewale wanakuwa washereheshaji, wanateuliwa, wanagombea, wanarudi hewani. Uchawa umekuwa ngazi ya kazi kabisa, mtu anauandika kwenye wasifu wake kwa maneno mengine.

Matokeo yake tuliyaona Oktoba 29, 2025. Siku ya kura, maandamano, intaneti ikazimwa, Dar ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. X ilikuwa imeshafungwa tangu Mei, JamiiForums wamesimamishwa siku 90 tangu Septemba. Tumebaki na redio na tivii za nyumbani, vyombo vyenye mitambo, magari, kamera za mamilioni, waandishi kila mkoa. Na sisi tuliokuwa tumejifungia ndani tunasikia milio tulikuwa tunawasha tivii kutafuta kinachoendelea mtaa wa pili tunakuta muziki. Kilichotokea tulikuja kukiona baadaye intaneti iliporudi, CNN na BBC wamekaa wamepanga video moja moja, wamepima jengo hili na barabara ile. Yani mtu aliyeko London alijua zaidi kuhusu Ubungo kuliko mimi niliyepo, na mimi nina king'amuzi nimekilipia.

Hapo usinambie ni sheria tu. Sheria zipo na ni kali, na polisi walikuwa wanatuma meseji za kutisha watu wasisambaze picha. Lakini kampuni za habari zilikuwa zimeshazoezwa miaka kumi kuhesabu kwanza. Hakukuwa na haja ya mtu kuzipigia simu. Na pengo likishaachwa linajazwa na yeyote, mtu alikuwa anaamka anafungua Instagram ya Mange Kimambi, mwanaharakati aliyeko Marekani, na za wengine walioko nje, humo kulikuwa na kweli kubwa na uongo mkubwa vimechanganywa kwenye posti moja, na huna gazeti la kwenda kuhakikisha.

Tunachodai basi? Kila ikifika Mei 3, siku ya uhuru wa vyombo vya habari, wahariri wanakutana hotelini, wanaongelea vifungu, waziri anaahidi, wanapiga picha. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 imeguswa kidogo mwaka 2023, mojawapo ikawa kumuondolea Mkurugenzi wa Maelezo mamlaka ya kuratibu matangazo ya serikali, na ile ilikuwa hatua nzuri kweli, nampongeza aliyeipigania. Ila haijatuambia hela zinaenda wapi. Mi ningetaka orodha tu. Kila wizara, kila shirika, kila halmashauri, mwisho wa mwaka wa fedha iweke hadharani ilimlipa nani kwa matangazo, shilingi ngapi, na inadaiwa na nani ngapi, maana deni nalo ni kamba, unadai serikali mamilioni unasubiri kulipwa halafu uiandike vibaya wiki hiyo? Na za pongezi zitajwe kivyake, tuone shirika linalosema halina hela ya transfoma limetoa ngapi kwa ukurasa wa rangi. Halafu majina ya wenye hisa halisi wa kila kituo na gazeti, majina ya watu, sio kampuni juu ya kampuni mpaka unafika kisiwani.

Hiyo ya kwanza wala haihitaji sheria mpya. Mbunge yeyote, hata wa CCM maana kwa sasa ndo karibu wote, anaweza kuliuliza kama swali la msingi la kawaida: mwaka wa fedha uliopita wizara yako imetumia kiasi gani kwenye matangazo, na kwa vyombo gani. Wakikataa kujibu kwa mdomo ajibiwe kwa maandishi. Gazeti gani litaiandika sijui, ila kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, itakuwepo.